Jino la Migombani

Jioni ile Atuganile alitoka na jembe, mtandio ameufunga mpaka kidevuni, kwenda kufukia jino. Ganzi ilikuwa haijaisha, mdomo upande wa kushoto umelegea hovyo kama si wake. Mama yake kule Tukuyu alimlea hivyo: jino likishang'olewa haliachwi mikononi mwa watu, linarudi nyumbani, linafukiwa migombani. Ndiyo maana pale kwa daktari wa meno alimng'ang'ania muuguzi mpaka yule dada akachoka, akachukua jino kwenye sahani ya chuma na kulifunga kwa pamba.

"Haya mama, chukua jino lako."

Sahani ilikuwa na meno ya watu kadhaa. Atuganile aliliona hilo, akanyamaza. Alitaka kuwahi nyumbani.

Nyumba yenyewe iko Iyunga, kubwa mno kwa mtu mmoja. Mumewe, Lugano, alifariki mwaka jana. Binti yake wa pekee, Gloria, anafundisha shule Iringa, na kila jioni anapiga simu. Mwanamke huyu alikuwa anaishi kwa simu hiyo, msidhani natia chumvi. Bila Gloria, wiki nzima ingepita hajamsikia mtu akimwita mama.

Siku za mwanzo tatizo lilikuwa ulimi. Mnaujua ulimi wa mtu aliyeng'olewa jino, hautulii. Unakwenda pengoni, unapapasa, unarudi, unakwenda tena. Akajifunza kutafunia kulia. Maneno mengine yakawa yanatoka na kamluzi, Gloria akamcheka kwenye simu, naye akacheka. Akazoea.

Kisha ikaja ladha.

Ugoro...

Atuganile hajaonja ugoro tangu azaliwe. Alisukutua kwa maji ya chumvi, akapiga mswaki mpaka fizi zikatoa damu. Ladha ikabaki palepale pengoni, kali, kama imewekwa sasa hivi.

Jioni moja anamenya ndizi jikoni, ulimi ukaenda zake pengoni kama kawaida. Ukakuta jino.

Akakimbilia kioo. Pengo lipo, tupu. Akafumba macho, akapapasa tena kwa ulimi. Jino. Refu, la baridi, linacheza kidogo.

Na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Umekula?"

Ilikuwa sauti nzito ya mzee wa kiume, na ilitoka kooni mwake. Kisu kikamponyoka. Alisimama, mikono yote miwili imeziba mdomo. Aliogopa, nani asingeogopa? Lakini tangu Lugano aondoke, hakuna aliyemuuliza swali hilo ndani ya nyumba ile. Akanong'ona kati ya vidole.

"Bado."

"Kula basi. Baridi imezidi."

Gloria alipopiga, alianza kuongea halafu akasita.

"Mama, uko na nani?"

"Peke yangu, mwanangu."

"Kuna mwanaume anakohoa. Karibu kabisa na simu."

Ikabidi amweleze yote. Gloria akasema kwa sauti ya kulia, "Lifukue, mama. Lirudishe ulikolitoa. Nakuomba."

Kesho yake jua likizama akashika jembe. Mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa, udongo umelowa chapachapa, lakini pamba ilitoka kavu, nyeupe. Ndani yake mlikuwa na jino refu lenye mzizi mzima, limekuwa kahawia kwa ugoro. Lake yeye lilikuwa limezibwa, na lilivunjika vipande lilipong'olewa. Huyu alikuwa mgeni. Kulirudisha ni safari fupi tu ya asubuhi, na mdomo ungekuwa wake tena.

Akageuka kuitazama nyumba. Hakuna taa, hakuna moshi, hakuna mtu.

"Usinirudishe," mdomo wake ukanong'ona. "Kule hakuna anayeniongelesha."

"Wewe nani?"

Ikaja harufu ya ugoro tu...

Upweke unauma, jamani. Atuganile alilia pale migombani, akalirudisha jino shimoni, akalifukia na kulikanyagia udongo.

"Kaa," alisema. "Ila binti yangu akipiga, unyamaze."

Akafuta machozi, akaokota jembe lake.

Alikuwa ndio anaingia ndani, simu ikaita. Gloria. Akaipokea haraka, amejaa furaha, akataka kusema abee mwanangu. Ulimi haukunyanyuka. Akajaribu tena. Ulikuwa umelala mdomoni, mzito, umelalia lile jino.

"Mama? Umelirudisha? Mama, sema basi."

"Mama yako amelala," ikasema ile sauti nzito, kwa upole kabisa. "Usipige tena."

Atuganile alikuwa wima gizani, macho wazi, anamsikia mwanawe akimwita kutoka Iringa, na hakuwa tena na mdomo wa kumwitikia.