Harusi Iliyoakhirishwa Mara Tatu

— Mara ya tatu hii, shangazi! Kama hanitaki si aseme?

Kazija aliikunjakunja barua kwa hasira. Ilitoka kwa mchumba wake Msellem, mwalimu wa skuli, na ilikuwa na mstari mmoja tu: "Tuakhirishe tena harusi. Niwie radhi."

Mwaka ule wa 1960 kijiji kizima cha Wawi kilishasema lake. Wengine walidai Msellem ana mke kijiji cha mbali, huko Msuka. Kazija akajitupia buibui, akamburura shangazi yake, Bi Mwanawema, mpaka kwa kina Msellem.

Mama mtu aliwapokea uani, macho chini.

— Yuko msalani, wanangu. Tangu alfajiri.

Kazija akausogelea mlango.

— Msellem! Nani huyo wa Msuka?

— Wa Msuka yupi?

— Mkeo!

— Kazija, mie hata kwa jirani sifiki, Msuka nitafika lini?

Akatoka. Alikuwa amekonda, shati linamwelea mwilini. Hasira zote zikamwishia Kazija.

— Una nini?

— Tumbo. Mwaka wa pili huu naendesha damu. Daktari kasema utumbo una vidonda. Hutulia, kisha hurudi. Wasiwasi haukuyaleta maradhi, lakini nikiwa nao huchachamaa.

— Na wasiwasi wako ni mimi?

— Weye? Weye ndiye nnayemtaka! Ni harusi. Watu mia tatu wananitazama, tumbo liniite, babako ashuhudie...

Bi Mwanawema akaangua kicheko.

— Basi wenye makosa ni hao mia tatu!

Jioni ile Kazija alimweleza baba yake mwenyewe. Mzee Hamad aliweka tasbihi chini.

— Mume mgonjwa, mwanangu? Umefikiri?

— Nimefikiri, baba. Namtaka hivyo hivyo.

— Basi Ijumaa, baada ya alasiri, hapa nyumbani. Watu kumi. Na yeye apikiwe uji, asilazimishwe pilau.

Ijumaa ikafika. Kazija, ndani na wanawake, alitega sikio kwenye dirisha la barazani, walikokaa wanaume. Shehe alipofungua khutba, akamsikia baba yake akinong'ona:

— Ukitaka kunyanyuka, nyanyuka mwanangu. Tutakungoja.

Msellem akanyanyuka kweli! Kazija akasikia nyayo zake zikiondoka. Huko barazani hakuna aliyecheka. Wazee wakazungumza habari za mvua kama kwamba hakuna jambo.

Nyayo zikarudi. Shehe akaendelea, akamuoza. Kisha ikasikika sauti ya Msellem, kavu, haina hata chembe ya unyonge:

— Nimekubali kumuoa Kazija binti Hamad!

Bi Mwanawema alipiga kigelegele shehe hajaanza hata dua.

— Shangazi, ngoja kwanza! — Kazija alisema, anacheka huku machozi yanamtoka.

— Nimengoja harusi tatu, mie! Singoji tena!

Akapiga cha pili.