Katuni Zisizo na Jalada

Jumamosi mchana, stesheni imefurika watu, mchoraji alimwona mwenye duka la vitabu, mwanamume wa shati la bluu lililonyooka kwa pasi akikitoa kitabu chake cha katuni kwenye rafu ya nyuma na kukiweka mbele kabisa ya duka.

"Unamjua aliyekichora?"

"Simjui, dada, lakini nikimpata namwoa."

"Haya, mshike basi," alisema, akamwonyesha vidole vyenye wino. Mwenye duka akacheka mpaka abiria wakageuka.

Miezi minane hawakubanduka. Simu ya asubuhi ilikuwa, "Mpenzi, umeniota mimi au katuni zako?" Akiulizwa mauzo, mwenye duka alishusha sauti: "Soko gumu, kipenzi. Tuvute subira."

Kitabu kisichouzika huchanwa jalada. Jalada humrudia mchapishaji, duka hurudishiwa pesa, na kurasa zilizobaki lazima ziteketezwe. Siku mchapishaji alipomwita mchoraji, mezani palijaa majalada yake.

"Unachora vizuri, mwanangu, ila vitabu vyako haviuziki. Tunaufunga mfululizo."

Alilia begani kwa mpenzi wake jioni nzima.

Wiki iliyofuata alikwenda kung'oa jino. Muuguzi alikuwa amezama kwenye katuni isiyo na jalada.

"Umeipata wapi hiyo?"

"Duka la stesheni, nusu bei, wanaificha chini ya kaunta. Ukichelewa umeikosa! Hospitali nzima tunaisoma. Hivi yule binti wa humu ataolewa lini, jamani?"

Jino likasahaulika. Alifika dukani anahema, akainama chini ya kaunta. Zilikuwa kumi na tisa, uchi. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

"Umelipwa kwa jalada, ukalipwa tena kwa kurasa. Mimi nikaambiwa siuziki!"

"Kodi ilinikaba, mpenzi. Na nilikuwa najikusanya nikuoe." Akatoa pete mfukoni.

"Umemuua mtoto wangu ili umwoe mama yake? Siku ile ulinifuta machozi kwa mkono huohuo uliochana!"

"Nisamehe."

Alimpenda bado, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. "Mpigie mchapishaji sasa hivi, umweleze ukweli. Ukimaliza, nivishe."

Mwenye duka aliishika simu. Akatazama rafu, akatazama wateja.

"Watanifungia duka, kipenzi."

Treni iliingia, ikashusha watu, ikaondoka. Simu ilikuwa bado mkononi, haijabonyezwa.

Mchoraji akazikumbatia katuni zake zote kumi na tisa, akashika njia ya kwa mchapishaji. Kabla hajavuka barabara, simu yake iliita. Kiooni paliandikwa "Mpenzi". Mikono ilikuwa imejaa, akaiacha iite.