Jemadari wa Majengo

Saa nne asubuhi, sokoni Majengo, Dodoma, Canter iliyopakia alizeti ilirudi nyuma ikamgonga mwanamke asiye na kichwa.

Mwanamke huyo hakuumia. Alikuwa sanamu ya kupimia nguo, amebebwa begani na kijana mrefu, mwembamba, mwenye futi shingoni na shati la bluu lililopigwa pasi kama la mtu anayekwenda kuapishwa. Mkono wa sanamu ulichomoka, ukabiringika hadi kwenye mafungu ya nyanya, na mama wa nyanya akauweka kando kwa heshima zote za marehemu.

Dereva akashuka. Alikuwa msichana mwenye buti, suruali ya jinzi na kitenge cha njano alichojifunga kiunoni, kope zimejaa vumbi la Kongwa. Kijana alikuwa ameandaa maneno makali. Alipomwona, yakampotea.

"Umemuumiza mtu wangu," akasema.

"Pole yake. Anaitwa nani?"

"Bado hana jina. Alikuwa anakwenda kupimwa nguo za vita."

Msichana alitaka kujua vita gani, na hivyo ndivyo maafa yote yalivyoanza. Kijana aliitwa Nikodemo, fundi cherehani wa Chang'ombe, na jioni alikuwa mwigizaji katika kikundi cha Mwalimu Paskazia. Msichana aliitwa Loisi. Kazi yake ilikuwa kununua alizeti kwa wakulima wa Mlali na kuwauzia wakamua mafuta wa mjini. Jioni ileile alikwenda ukumbini na gundi, aurudishe mkono mahali pake. Kabla hajaingia, alimwamuru mwenye bajaji aliyeziba njia aondoke, na Mwalimu Paskazia, aliyekuwa akitafuta mtu wa kuigiza jemadari kwa wiki mbili, akaisikia sauti ile kupitia ukutani. Loisi alipewa maneno ya kukariri kabla hajapewa kiti.

Mchezo wenyewe ulikuwa tanzia ya zamani sana. Mfalme anamwita mume vitani. Mume anaogopa damu. Mke anavaa deraya ya mumewe na kwenda badala yake, naye mume anabaki nyumbani anasaga mtama, anasuka mkeka na kulia. Mjumbe analeta habari ya uongo kwamba mke ameuawa. Mume anakunywa sumu. Mke anarudi na ushindi, anamkuta mumewe amelala juu ya ule mkeka, naye anajilaza pembeni yake asiamke tena. Kwa ufupi, watu wawili wanakufa kwa sababu hakuna aliyengoja kuuliza.

Loisi na Nikodemo walipendana kufikia onyesho la pili la mazoezi, yaani pale mume anapomfunga mkewe mkanda wa upanga. Mwalimu Paskazia alilalamika kwamba mkanda mmoja hauwezi kufungwa kwa dakika sita.

Maisha yao nayo yakafuata mchezo. Loisi alikwenda Mlali siku tatu kila wiki. Nikodemo alibaki na cherehani lake, akisubiri simu.

"Umekula, mume wa jukwaani?"

"Nimepika ugali na mlenda. Nimekuwekea."

"Mlenda wa leo mpaka keshokutwa, mpenzi?"

"Nimekuwekea nia. Mlenda nimeumaliza."

Wakapanga kuoana. Hapo aliingia Mzee Matonya wa Mlali, baba mdogo wa Nikodemo, aliyemlea tangu baba yake alipofariki. Ng'ombe wa mahari wangetoka zizini kwake, na wazee wa kupeleka barua ya posa wangeongozwa na yeye. Bila Mzee Matonya, Nikodemo alikuwa na mapenzi tu. Mzee alikubali. Hakuwa amemwona msichana, lakini alisikia ni mchapakazi.

Jumanne moja alimpigia kijana wake kupanga safari ya kwenda ukweni. Simu ilikuwa mfukoni mwa vazi la mazoezi. Nikodemo, akiwa amepiga magoti mbele ya Loisi mwenye upanga, aliibonyeza kwa paja bila kujua. Kwa dakika nne nzima Mzee Matonya alimsikiliza mtoto wa kaka yake akilia, akimsihi mwanamke asimwache, akiahidi kusaga mtama na kutotoka nje ya ua mpaka arudi.

Alipiga tena saa moja baadaye. Nikodemo akaeleza kwamba ule ulikuwa mchezo tu, hakuna aliyemlazimisha.

"Kwa hiyo unalia kwa hiari," alisema mzee. Akafikiri. "Basi chagua. Mchezo au ng'ombe. Mwanamume wa kwetu hatapiga magoti mbele ya mji mzima, halafu mimi nikasimame kwa watu kumwombea mke."

Nikodemo akachagua ng'ombe, maana ng'ombe ndio Loisi. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi kabisa, kasoro moja: hakumwambia Loisi. Alimwambia Mwalimu Paskazia amepata sare za shule nyingi za kushona.

Loisi aliporudi safari alimkuta Meshack, kinyozi wa jirani, akisaga mtama jukwaani kama anayenyoa ndevu. Akaenda moja kwa moja dukani Chang'ombe. Cherehani lilikuwa kimya na meza haina hata uzi.

"Sare ziko wapi?"

"Zinakuja."

"Nikodemo, unanionea aibu?"

Hapo ndipo angesema. Lakini mtu aliyekwisha kukatazwa kulia alidhani hata kueleza kumekatazwa. Akaokota mkasi, akaurudisha mezani.

"Mimi nimevaa kofia ya vita mbele ya wapakiaji wangu," alisema Loisi kwa sauti ndogo, isiyo yake. "Wamenicheka wiki nzima, nikawaacha wacheke. Wewe umeshindwa kushika mkeka."

Akaondoka. Nikodemo alipiga simu mara kumi na moja siku hiyo. Haikupokelewa hata moja.

Wiki iliyofuata Loisi alikwenda Mlali kama kawaida. Katika boma ambako hakuwahi kununua, alimpimia alizeti mzee mmoja mwenye koti kubwa na fimbo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbukwa, binti," alijibu mzee, akiongeza salamu ya kwao. "Unanyanyua gunia peke yako?"

"Limenizoea."

Mzee alipendezwa naye, akaagiza chai, akaanza kumsimulia jinsi alivyomwokoa kijana wake huko Dodoma. Kijana alikuwa amefanywa alie jukwaani mbele ya mwanamke mwenye upanga. "Nikamwambia achague, mchezo au ng'ombe. Akachagua ng'ombe. Kuna binti anataka kumwoa, anampenda mpaka hali. Alifanya uamuzi wa kiume."

Loisi aliweka kikombe chini taratibu.

"Baba, mwenye upanga ni mimi."

Mzee Matonya alimtazama, akalitazama gunia, akamtazama tena. Mkewe, Mama Restuta, alikuwa amesimama hapo na birika.

"Wewe unamkataza mtoto kulia?" akamwuliza mumewe. "Mimi nilipolazwa Dodoma mwezi mzima, nani alikuwa analia zizini kila jioni? Majirani waliniambia."

"Nililia zizini," alisema mzee kwa hadhi. "Sikulia jukwaani."

"Tofauti ni watazamaji," alisema Loisi. "Wako walikuwa na pembe."

Mama Restuta alicheka mpaka akaitua birika. Mzee hakucheka. Alimaliza chai yake yote, akatoa simu kwenye koti, akabonyeza namba polepole kwa kidole kimoja.

"Nikodemo," alisema ilipopokelewa. "Nenda kalie."

Akakata.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Meshack alirudi kwenye nyembe zake akiwa na furaha isiyofichika. Nikodemo alipiga magoti akiwa na aproni ya maua aliyoishona mwenyewe, akamfunga Loisi mkanda kwa dakika saba, na alipolala juu ya mkeka watu wa mbele walisikia mzee mmoja mwenye koti akipenga kamasi. Mzee Matonya alimweleza mkewe kwamba ni vumbi. Mama Restuta akampa upande wa kitenge chake ajifute hilo vumbi.

Baada ya onyesho, nyuma ya pazia, mzee alitangaza kwamba wazee wataleta barua Jumapili ijayo.

"Usihangaike, baba," alisema Loisi. Bado alikuwa na deraya ya maboksi. Akatoa ndani yake bahasha iliyofungwa kwa kitambaa cheupe, kama desturi inavyotaka, akampa kwa mikono miwili. "Nimeileta mwenyewe. Naomba kijana wako. Ng'ombe mtapeleka kwetu vilevile, baba yangu asije akaugua."

Mzee Matonya aliipokea kama mtu aliyepewa mtoto mchanga ghafla. "Mimi huwa napeleka," akasema. "Sijawahi kupokea. Sasa nafanyaje?"

"Unamwuliza mtoto kama anakubali," alisema Mama Restuta. "Mimi niliulizwa hivyo."

Wote wakamgeukia Nikodemo. Macho yake yalikuwa yangali mekundu. Akaikunja aproni vizuri, akainamisha kichwa, akasema kwamba anashukuru, lakini mtu anayeposwa hupewa wiki moja ya kufikiri, naye hataki kuonekana mwepesi.

Loisi akasema atasubiri, zamu hii ni yake.

Akasubiri mpaka walipofika kwenye Canter, na Nikodemo akakubali.