Zamu Isiyo ya Mtu

Sala ya siku ile ilichelewa kuisha, na hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Ulikuwa mwaka 2003, vita vimeshaingia mji wa Bunia, mashariki ya Kongo, mtaa kwa mtaa, na aliyekuwa bado na nyumba alijifungia ndani. Kwa Kasereka, fundi cherehani, walikuwa wanne: yeye, mkewe Domitille, binti yao Gentille, na mama mzazi wa Domitille, ambaye wote walimwita Koko. Zamani waliomba jioni. Taa zilipoanza kuvuta risasi, wakaihamishia sala alasiri, madirisha yamefungwa, sauti za kunong'ona. Kasereka alisoma Zaburi, kisha wakaomba kwa mnyororo kama kanisani kwao: macho yamefumbwa, mmoja anaomba, akifika "kwa jina la Yesu" wengine wanaitikia Amina, na jirani yake anashika zamu. Hakuna anayetaja jina, hakuna anayechungulia. Kwa Koko, kufungua jicho katikati ya sala ilikuwa karibu sawa na kuiba sadaka.

Siku ile Gentille alikuwa wa mwisho. Alimaliza, wakaitikia, kisha mtu akasafisha koo na kuendelea. Aliomba chumvi, kwa unyenyekevu mzuri kabisa. Wakasema Amina, kila mmoja akidhani ni mwenzake, maana mnong'ono hauna mwenyewe. Asubuhi walikuta mfuko wa chumvi mlangoni, na Koko akacheza hadi kilemba kikaanguka.

Kesho yake sauti ilishika tena zamu. Mara hii iliomba moto uipite nyumba hii, uangukie ya jirani. Wale watu walikuwa wameitikia sala tangu wakiwa migongoni mwa mama zao. Amina iliwatoka kabla masikio hayajapokea maneno. Jua halijazama, bomu likaangukia nyumba ya mama Arlette, ng'ambo ya njia, na yeye alikuwemo ndani.

"Ni nani aliomba vile?" Domitille aliuliza. "Baba Gentille, ni weye?"

"Apana. Mi nilizani ni Koko."

"Miye?" Koko alianza kulia. "Miye niombee Arlette mabaya? Ule mwenye ananipakulia sombe yake ya majani ya muhogo?"

Gentille alikuwa amejibana ukutani, mkono sikioni.

"Iko pembeni yangu," alisema polepole. "Kila siku. Pumzi yake iko baridi hapa."

Ndipo wote wakaisikia harufu, ya majivu yaliyomwagiwa maji, kama jiko limezimwa kwa haraka mahali ambapo hapakuwa na jiko. Waliogopa, na sioni aibu kusema hivyo kwa niaba yao. Nje kulikuwa na vijana wenye bunduki, ndani kulikuwa na hiki, na kati ya hivyo viwili palikuwa na ubao mmoja wa mlango.

Kasereka akaamua kwamba kesho hakuna sala. Saa ya sala ilipofika walikaa kimya, Biblia imefunikwa kwa kitambaa, kila mmoja akiangalia miguu yake. Sauti ikaanza yenyewe, nyuma ya pazia, taratibu, ikimshukuru Mungu kwa nyumba hii na kwa mtoto mzuri aliyemo, na ilipofika "kwa jina la Yesu" ilinyamaza ikasubiri. Koko, aliyekuwa amesinzia kwenye kiti, akaitikia Amina usingizini. Msimlaumu. Mdomo wake ulijua kazi hiyo kuliko yeye. Usiku ule Gentille akashikwa na homa.

Asubuhi milio ilipopungua kidogo, Kasereka alipita nyuma ya nyua za watu hadi kanisani, akarudi na Pasta Osée, mtu mrefu mwenye sauti iliyokauka kwa kuzika watu wengi. Alimtazama mtoto, akanusa hewa, akakunja mikono ya shati.

"Ni pepo," alisema. "Iliona nafasi kwenye mnyororo, ikaingia. Leo mnyororo hakuna. Miye moja tu nitaomba. Nyiye muitike, na muitike kwa nguvu."

"Macho tufungue, Pasta?" Domitille aliuliza.

"Mufunge. Tukiiangalia, tunaipa heshima yenye haina."

Walimweka Gentille katikati, wakapiga magoti pande zote, Domitille ameushika mkono wake uliokuwa ukichoma kama sufuria. Pasta akaanza, na kwa mara ya kwanza tangu vita waliomba kwa sauti ya kweli.

"Pepo, hauna nguvu hapa!"

"Amina!"

"Damu ya Yesu ikufukuze!"

"Amina!"

Ikawa kama kwenye mikesha ya zamani, maneno yakienda mbio na Amina zikiyakimbilia, Koko akipiga sakafu kwa viganja, Kasereka akilia bila kujificha, na Domitille akihisi kitu kama furaha kikimpanda kifuani, kwa sababu sauti iliyokuwa ikiomba haikuchoka, ilizidi kupata nguvu, ikasema huyu mtoto si wa ugonjwa, Amina, si wa vita, Amina, si wa Kasereka wala Domitille, Amina, tunamukabizi leo mbele ya mama yake, Amina, umuchukue, Amina, awe wako, Amina, kwa jina la Yesu, na Domitille ndiye aliyeitikia kwa nguvu kuliko wote, maana ni mtoto wake.

Mtu alikuwa akimvuta bega. Alifungua macho.

Ni Pasta Osée. Alikuwa ameshika koo lake kwa mkono mmoja, na midomo yake ilikuwa ikicheza bila kutoa kitu. Ilimchukua muda kupata mnong'ono.

"Niliwavuta wote... Hamukusikia... Sauti yangu ilikatikaka pale kwenye damu ya Yesu. Si miye nilikuwa naomba."

Harufu ya majivu ilikuwa imekwisha kabisa chumbani, kama mgeni aliyepewa alichokifuata akaaga.

"Basi naiondoa," Domitille alisema. "Amina yangu naiondoa. Pasta, iko namna gani? Mutu anarudishaka amina namna gani?"

Pasta alichukua Biblia kwenye kitambaa chake. Alifungua Zaburi, akaziacha, akaenda kwa manabii, akarudi nyuma, akaenda tena mbele.

"Soma tu, Pasta," Domitille alimwambia. "Popote. Soma."

Alikuwa bado anafunua kurasa wakati mkono wa Gentille ulipoanza kupoa ndani ya mkono wa mama yake.