Saa Ndani ya Mtungi wa Mawese

Saa ya mkono ya kutiwa ufunguo, iliyozama kwenye mawese miaka thelathini, haina ruhusa ya kutembea. Hii ilikuwa inatembea.

Feruzi aliiona mchana kweupe, maji ya ziwa yakimfika magotini. Mwaka ule Tanganyika lilikuwa limepanda vibaya, likaingia mpaka chumbani kwa mama yake pale ufukweni Rumonge. Mama mwenyewe, bibi Mwasiti, alikuwa ameshahamia kwa mwanawe huyo tangu jana. Feruzi alirudi kuchukua vyombo. Mtungi uliokuwa juu ya kabati ukamponyoka, ukapasuka, na ndani ya mafuta yale mazito ikatokea saa ya baba yake. Mafuta yalikuwa ya baridi. Saa ilikuwa na joto la mwili wa mtu.

Mwenye akili zake angeiacha pale pale. Lakini alipokuwa na miaka sita, baba alikuwa akimvisha saa ile, akiipandisha mpaka karibu na kwapa kwa sababu kamkono kenyewe kalikuwa kembamba, naye akilala ameibana sikioni. Kisha baba akaenda Uvira, ng'ambo ya ziwa, hakurudi, na saa ikapotea. Miaka yote Feruzi alimlaumu mama kimoyomoyo. Mwanamke mkali, shingo imepinda upande, nani angekaa naye? Akaibusu saa, akaivaa mkono wa kushoto, akalia bila aibu.

Mkanda ukajikaza tundu moja.

Alipofika kwenye banda la kukamulia mawese, nyuma ya nyumba yake, alisikia harufu ya nywele zinazoungua ikitoka mkononi mwake. Rachidi, mfanyakazi wake, alikuwa anamimina chikichi zilizochemshwa kwenye pipa la mtambo.

"Amahoro, patro," akamsalimia tajiri wake.

Mkono wa kushoto wa Feruzi ukaokota mtaimbo, ukampiga Rachidi taya. Meno mawili yakaanguka kwenye chikichi.

"Siyo mimi," Feruzi akanong'ona. "Rachidi, ndugu yangu, wallahi siyo mimi."

"Sasa huo mukono iko wa nani?"

Feruzi akaivuta saa. Mkanda ulikuwa umeshaingia kwenye nyama. Na hapo akaja Nafisa, mke wake wa miezi minne, mbio, kwa sababu alisikia kelele, akauliza kuna nini, na kabla hajamaliza kuuliza mkono ukamdaka koo, ukambandika kwenye nguzo, ukamwinua mpaka kandambili zikamdondoka, na Feruzi akawa anaukwangua mkono wake mwenyewe kwa kucha za ule mwingine, anauuma, anausomea Ayatul Kursi akikosea maneno aliyoyajua tangu utoto, huku saa ikipiga mbio kuliko moyo, na macho ya Nafisa yakimtazama yeye, siyo mkono, yeye, mpaka mama akaingia na kuumwagia ule mkono sufuria nzima ya mawese ya moto.

Vidole vikalegea. Nafisa akaanguka chini akikohoa.

"Umetoa wapi hiyo kitu?" Mama alisema kwa sauti ya chini, kama anaogopa isimsikie.

"Ni ya baba, mama."

"Baba yako hakuenda Uvira, mutoto wangu." Akagusa shingo yake iliyopinda. "Hii ni kazi ya huo mukono. Baba yako alikuwa ananivunja na analia, vile unalia wewe. Mwalimu wa kutoa majini alisema ndani ya saa iko jini, na haitoki mpaka mwenye kuivaa aichukie kwa moyo wote. Akashindwa. Nikamupiga na muchi, kichwani, mara tatu. Alipokufa ndiyo ikaachia, nikaizamisha ndani ya mawese."

Feruzi akajaribu kuichukia. Alijitahidi, maskini. Lakini sasa alijua kwamba baba hakumkimbia, na akaipenda zaidi. Mkono ukaanza kunyanyuka tena, taratibu, ukimfuata Nafisa.

Akautumbukiza kwenye pipa, akaulalia kwa kifua. "Zungusheni!"

Rachidi akakataa kwa kichwa. Mama hakukataa. Aliushika mtaimbo, akauchomeka kwenye parafujo ya mtambo, akaanza kuusukuma akizunguka, na Rachidi alipoona kizee anasukuma peke yake akaja naye akasukuma akilia, damu na mate vikimtoka, na chuma cha kukamulia kikashuka juu ya mkono, kioo kikapasuka, kisha mifupa, mmoja baada ya mwingine, na Feruzi akapiga ukelele uliosikika mpaka barabarani, na mawese yakatiririka kwenye beseni yakiwa na rangi ile ile ya siku zote.

Hospitalini walimalizia kuukata, chini kidogo ya kiwiko.

Miezi miwili ikapita salama. Alasiri moja Feruzi alikuwa ameketi uani, Nafisa akianika nguo, hatua kumi mbele yake, akimtania kwamba siku hizi anakula kama watu wawili. Feruzi akacheka. Akahisi kiwiko kinawasha, kisha kiganja, kile kisichokuwepo. Daktari alishamwambia mambo hayo hutokea, asiyajali.

Mkanda ukajikaza tundu moja.

Akahisi vidole vinafunguka, virefu, vinakwenda mbali, mpaka vikagusa kitu laini chenye joto, kinachodunda. Kule kwenye kamba shuka likaanguka. Kandambili za Nafisa zikabaki chini, miguu yake ikiwa juu.

"Feru," akasema kwa pumzi iliyobaki, akimtazama yeye. "Toa mukono."

Feruzi akakiangalia kigutu chake. Hakukuwa na kitu cha kukata.