Kisanduku cha Betri na Pilipili za Bibi Tsvetana

Septemba ikifika, mtaa wetu wote hunuka pilipili hoho za kuchoma. Kila nyumba ina chushkopek, chungu cha umeme cha kuchomea. Vikiwashwa vyote kwa pamoja, umeme hukatika.

Desislava huchora ramani za majengo nyumbani kwa kompyuta. Umeme ulipokatika mara moja, ulimlia ramani ya chekechea kabla hajaihifadhi. Aliichora upya, na sasa ilitakiwa Ijumaa. Akiikosa, kazi atapewa mwingine. Mumewe, Ognyan, akamnunulia kisanduku cha betri ya akiba, cha kuiwezesha kompyuta umeme ukikatika, akajisifu kutwa nzima.

Kesho yake Bibi Tsvetana, mama yake Ognyan, aliona tundu tupu kwenye kisanduku. Akachomeka chushkopek. Kisanduku kikalia, kikazima. Kompyuta nayo ikazima, na kazi ya siku ile ikapotea.

"Mama! Umeniua!" Desislava akapiga kelele.

"Si mlisema hapo umeme haukatiki?"

Ognyan akamwambia mama yake maneno makali. Bibi akabeba chungu chake, akakifungia stoo. Pilipili zikaanza kunyauka kwenye magunia. Nyumba ikapoa, na mimi jirani yao niliumia kumwona ajuza yule amekaa kando ya magunia yake.

Alhamisi akaja Yordanka, jirani mwingine, fundi wa umeme mstaafu.

"Mwaka huu hamchomi? Mnaumwa?"

Wakamsimulia. Akaleta kipimo cha kuchomeka ukutani, akapima kompyuta na skrini zikiwa kazini.

"Wati mia mbili arobaini. Ognyan, kisanduku chako kinabeba ngapi?"

"Mia nne! Imeandikwa kubwa kabisa!"

"Hiyo ni namba yenye herufi VA, baba. Soma ile ndogo, ya wati."

Ognyan akainama. "Mia mbili."

"Basi umeme ungekatika, hata bila chungu kisingeibeba kompyuta hii. Chukua mzigo wako, ongeza kama robo. Tafuta cha wati mia tatu au zaidi. Kisha uliza: kwa mzigo huu kitadumu dakika ngapi? Kumi zinatosha kuhifadhi kazi na kuzima. Na vitu vya joto, chungu, pasi, hita, visichomekwe hapo kamwe. Hapo, Bibi, ulikosea."

"Nimekosea," Bibi akasema. "Ila sikukosea peke yangu."

Ognyan akawa mwekundu kama pilipili zenyewe. "Nisamehe, mama."

Jioni ile alikirudisha kisanduku dukani, akaja na cha wati mia tatu sitini.

Ijumaa asubuhi Bibi alitoa chungu stoo, akachoma uani, kwenye tundu la ukutani. Mara mtaa mzima ukazimika. Bibi akaganda, pilipili mkononi. Ndani kisanduku kililia pi, pi, pi. Kisha kimya.

Desislava akatoka.

"Kazi nimeihifadhi, kompyuta nimeizima mwenyewe. Na ramani ya chekechea nilishaituma tangu alfajiri, mama."

Bibi akashusha pumzi ndefu, akacheka mpaka machozi.

"Basi kaa hapa unimenyee," akasema. "Hizi bado za moto."