Handaki la Madawati

Kila siku baada ya masomo, kikundi cha maigizo kilipanga madawati ukumbini, kikayafunika kwa magunia na kuyaita handaki. Humo ndimo askari wa mchezo wao walimojikinga na risasi za adui. Chiriku, msichana wa darasa la sita aliyebandikwa jina hilo kwa kupenda kusema, aliigiza askari anayeuawa. Alikufa kwa mbwembwe: aliyumba, akazunguka, akaanguka chali na kurusha mguu juu. Wenzake walicheka hadi wakashika mbavu.

Mwalimu wa maigizo hakucheka. Alisema watazamaji wakitoka wakichekelea vita, basi kazi yao imeharibika. Akamwagiza Chiriku amuulize mjomba wake, aliyewahi kuwa askari, maisha ya handakini yalikuwaje.

Chiriku aliogopa. Mjomba aliishi nao, akitengeneza redio kwenye meza ya dirishani, na alikuwa mpole sana. Lakini habari za vita hakuna aliyethubutu kumgusia, mama alishawakataza. Kwa hiyo kesho yake Chiriku alimtungia mwalimu hadithi kwamba mjomba aliruka nje ya handaki huku akiimba, akawatimua maadui peke yake. Mwalimu alivutiwa mno, akasema atamwalika mjomba kwenye onyesho ili awasimulie watu kwa kinywa chake.

Tangu hapo Chiriku alimkwepa mjomba. Mjomba akikohoa tu, Chiriku alitoka chumbani. Siku moja kabla ya onyesho alimkuta akipiga pasi shati lake jeupe. Mwalimu alikuwa ameshapita kumkaribisha. Chiriku alisimama mlangoni.

"Mjomba, nimekusingizia," alisema hatimaye, akaeleza yote.

Mjomba aliweka pasi kando, akavuta kiti, akaketi.

"Sikuimba, mwanangu," alisema taratibu. "Tulikaa ndani ya maji machafu. Viatu hatukuvivua, miguu ikaoza. Kazi yetu kubwa ilikuwa kusubiri. Rafiki yangu aliniomba kiberiti. Nilipogeuka kumpa, hakukipokea."

Chiriku alilia. Kisha akaomba ruhusa ya kuliigiza jambo hilo. Mjomba alikubali, ila akamwonya asilipambe.

Asubuhi Chiriku alimwambia mwalimu ukweli. Mwalimu alimkemea vikali, kisha wakaketi kuubadilisha mchezo.

Onyesho lilipoanza, watu walimwona tu Chiriku wakaanza kucheka, maana walimzoea kwa mbwembwe zake. Alijikunyata kwenye magunia waliyoyalowesha, akavuta kiatu kisichovulika. Vicheko viliendelea. Katika safu ya mbele mjomba alikuwa ameshika magoti yake kwa nguvu.

"Una kiberiti?" Chiriku alimuuliza askari mwenzake.

Mwenzake alipapasa mifuko, akageuka kumpa. Chiriku alikuwa ameinamisha kichwa, macho wazi. Hakupiga kelele wala hakuanguka. Mkono wa mwenzake ulibaki umenyooshwa, ukingoja. Kicheko kimoja kilikatika katikati, na ukumbi mzima ukawa kimya. Mama mmoja alijifunika mdomo kwa kanga yake.

Ndipo kiti kikakwaruza sakafu. Chiriku, asiyeweza kujongea, aliona mjomba akiinuka na kutoka. Alidhani amemuumiza.

Pazia lilipofungwa alikimbilia nje. Mjomba alikuwa kwenye bomba la maji, akinawa uso. Chiriku alianza kuomba radhi, lakini mjomba alimzuia.

"Sijakasirika. Kifua kilinibana tu, nikatafuta hewa," alisema. "Miaka yote hii nilimbeba yule rafiki peke yangu. Leo ukumbi mzima umemwona."

Alijipangusa kwa mkono wa shati, akaendelea, "Uongo wako ulinifanya mimi shujaa, mwanangu, lakini ulimfuta yeye. Ukitaka kusimulia maisha ya mtu, muulize kwanza, hata kama unaogopa. Kisha sema kama yalivyokuwa, ili wanaosikia wasije wakavitamani vita."

Mwalimu alitokea mlangoni, akamuuliza kwa upole kama angependa kuzungumza na watu au kurudi nyumbani. Mjomba alitazama ukumbi ule uliokuwa bado kimya. Akamshika Chiriku mkono, wakaingia ndani pamoja.